Namba Kumi na Saba

Yakutsk, Januari. Nyuzi hamsini chini ya sifuri,
na ukungu umekaa barabarani kama mgeni asiyejua kuaga.
Gari la Daktari Ayaal linanguruma uani mchana kutwa:
akilizima, ndiyo hadi Machi.

Mimi nateremka ghorofa ya chini, chumba cha baridi,
taa nyekundu, masanduku thelathini ya nyasi kavu,
na ndani ya kila sanduku kindi wa ardhini
kajikunja, mkia juu ya pua, baridi kama jiwe la mto.
Naweka kidole ubavuni mwa namba kumi na saba.
Moja.
Hapo unapata muda wa kukumbuka deni la gesi
na soksi za mama zilizoanikwa juu ya jiko.
Mbili.
Mapigo matatu, na dakika imekwisha.

Usingizi ni nduguye mauti, hilo halina mjadala.
Lakini huyu humzuru huyo ndugu kila mwaka,
hulala kwake miezi saba,
kisha hurudi na akili zake zote,
hajasahau hata njia ya shimo lake.

Tumeuona ubongo wao chini ya darubini,
vipande vyembamba kushinda ganda la kitunguu:
seli za neva zimenywea, matawi yamerudi ndani
kama vidole ndani ya mkono wa koti.
Na taka za protini, zilezile tuzikutazo
kwa wazee waliosahau majina ya watoto wao,
zimejaa tele. Kwa mzee, ndio mwisho wa habari.
Kindi akiamka, saa chache tu,
matawi yanachipua, taka zinafagiliwa.
Nani anafagia? Kwa ufagio gani?
Ndilo swali. Ndio mshahara wangu.

Mama yangu, Fevronya, alikuwa akipiga khomus,
ule ulimi wa chuma unaoshikwa kwa meno.
Siku hizi mkono wake wa kulia una mapigo yake,
matano kwa sekunde, hauombi ruhusa.
Chuma kiligonga jino, jino likavunjika,
akaifunga khomus kitambaani, akaiweka nyuma ya vikombe.
Hakusema neno.
Ila nilipomweleza kazi yangu, alicheka:
"Basi nami nitieni sandukuni, mniamshe Aprili."

Miaka miwili tunadondosha maji ya damu ya waliolala
juu ya seli za panya, kisha tunazinyima hewa.
Juzi, sahani thelathini na sita:
zilizopewa na zilizokoseshwa
zimekufa sawasawa, haki tupu.
Ayaal kaandika "hakuna tofauti", kalamu ikatoboa karatasi,
kisha akatoka kulitazama gari lake.

Leo usiku namba kumi na saba kaamka kabla ya zamu.
Kwanza bega. Halafu taya. Halafu mwili mzima
unatetemeka, nyasi zinacheza, sanduku linagonga rafu,
na kipimo kinapanda: sita, kumi na mbili, ishirini na tisa.
Nimesimama na daftari mkononi, siandiki.
Mtetemo huu najua unakokwenda: unawasha moto.
Ule wa nyumbani hauwashi kitu.
Nisijidanganye. Mama si kindi.
Hata hivyo nilitazama mpaka ukatulia,
na jicho jeusi likanikodolea, safi, lenye hasira.

Nyumbani, saa tisa usiku, mama yu macho.
Mkono wake unagonga meza, kijiko kinaitikia.
"Kumi na saba?"
"Kaamka. Atalala tena kesho."
"Kakukumbuka?"
Namwonyesha kidole, plasta, damu kidogo.
Anakiinamia, anakichunguza kama anayesoma barua.
"Vizuri," anasema. "Akili anazo."