Imla Moja

Kwenye ufa wa matofali, nje ya maabara yetu Wageningen,
limeota gugu lisilo na bei sokoni,
maua yake chembe za chumvi,
kromosomu tano tu, na zote tumeshazisoma.

Jana baba, Meindert, alikuja na kabichi
kutoka shambani Langedijk, viganja vimepasuka kwa baridi.
Akaitua juu ya karatasi zangu, puu!
"Na hii mnaisoma?"

Nikamwonyesha kwenye kioo:
gugu juu, kabichi chini, herufi kwa herufi,
kama madaftari ya watoto wawili
walioandika imla moja.
Ila kabichi iliiandika mara tatu,
kisha, kwa mamilioni ya miaka, ikafuta,
ikaruka mistari,
ikashona sura ya pili kwenye ya nne.
Jeni iliyo bawabu, iyazuiayo maua hadi baridi ipite:
gugu linayo moja.
Kabichi ina kadhaa, kila bawabu na saa yake.

Baba kimya. Gugu hili yeye huling'oa
kila Aprili, kwa jembe na kwa matusi.

"Kwa hiyo ni ndugu."
"Ndugu."
"Na huyu asiyelika ndiye mnayemuuliza habari za mwenzake."

Sikuwa na jibu. Kabichi aliiacha; tuliipika jioni.

Dirishani nilimwona akitoka, akafika penye ufa,
akasita, akazunguka kwa mbali,
mzee wa buti nzito,
kama asiyetaka kumwamsha mtoto.