Gamba la Kulainishia

Mama alilihifadhi kwenye kopo la siagi,
kama wengine wanavyohifadhi hati ya shamba:
gamba la kome, jeusi kwa nje,
ndani rangi ya maziwa yaliyopitiwa na moshi.
Ukingo ulikuwa umelika kwa udongo
hadi ukafuata mkunjo wa kidole gumba chake.
Au kidole ndicho kilifuata gamba. Sijui
nani alimfinyanga nani.

Kwa gamba hilo vyungu vyake vilipata ngozi.
Shii, shii, uani kwetu Ikombe,
milima nyuma, ziwa mbele, mimi katikati
namwagia maji pale aliponyooshea kidevu.
Gamba moja, misimu mitatu ya Matema,
chungu juu ya chungu, na bado linaenda.

Mwaka huu kanipigia simu.
"Hukohuko mjini, yapo magamba ya dukani?
Haya ya ziwani yamekuwa maganda ya karanga.
Nikibonyeza, pa.
Chungu cha pili tu, Tusajigwe. Cha pili."

Mimi Mbeya naosha vioo vya maabara,
nabandika namba kwenye chupa za maji ya watu.
Nikaomba siku tatu. Nikateremka Tukuyu, Kyela,
hadi Lufilyo inapomwagia ziwani,
nikatafuta kwa nyayo, alivyonifundisha,
maana kome haonekani, hukanyagwa.
Saba. Zamani ningejaza sufuria kabla jua halijapanda.

Usiku, wenzangu wameshaondoka,
nilimfungua mmoja chini ya hadubini.

Kome hana jino wala mkono wa kuchagulia.
Kazi yake ni moja: kulinywa ziwa na kulirudisha,
kama mrija wa kimpumu,
machicha yabaki, maji yapite.
Asichokipenda hukiviringa kwa kamasi, akatema.
Lakini hivi vilivyomjia vimevaa utelezi wa mwani,
vinanukia chakula.
Anapokea. Anatema. Anapokea tena.
Anashiba asichokula.

Na gamba ni akiba: kome huweka kidogo kidogo,
senti juu ya senti, miaka.
Anayeshinda akitema
ataweka nini?

Kisha nikauona, umelala kwenye shavu lake,
mwembamba kuliko unywele wa mtoto:
uzi wa buluu.
Nikakaza lenzi. Nikauachia. Nikaukaza tena.
Ile buluu naijua. Ni mstari wa viroba vya mchele,
viroba vya kilo mia nilivyomnunulia mwenyewe,
kumi na viwili, mshahara wangu wa kwanza,
ili asibebe tena udongo kwa kapu la milulu
linalovuja mgongoni.
Huvifua mtoni. Huvianika juu ya jiwe.
Jua la Kyela likivila miaka miwili
vinapukutika ukivigusa,
na mama, mtu safi,
hufagia ule unga, akausukumia majini.

Si wake peke yake, najua.
Ziko nyavu zilizochakaa, ziko sweta za mitumba
zinazofuliwa huko juu kwenye baridi,
na Lufilyo haiulizi nani kafua.
Lakini wa kwangu niliuona kwa jicho langu,
nikaupa namba, kama wa mtu mwingine.

Nilimpigia asubuhi. Nikamweleza yote,
kome, kamasi, uzi, viroba.
Sikumwambia rangi.
Akanyamaza kiasi cha kunifanya nitazame
kama salio limekatika.
"Kapu lile," akasema hatimaye, "panya walishalila."

Kisha nikasikia, nyuma ya pumzi yake,
shii, shii.
"Mama, umepata gamba?"
"Wapi. Kifuniko cha chupa ya soda.
Kinaacha mistari kidogo."
Shii.
"Ila chenyewe hakivunjiki."