Mistari Sita

Kifaa kilikuwa cha Kaique, mwanangu,
bawaba yake imepasuka, imefungwa kwa plasta ya kidonda.
Alipopata simu akakitupa kwenye droo ya soksi.
Nikakiokota mimi, mama mtu,
saa kumi na moja alfajiri, nimetoka zamu ya usiku,
mikono inanuka mafuta ya mashine
na Hamamatsu nzima imejifunika gubigubi
kuukwepa upepo mkavu wa milimani.

Mchezo wenyewe ni wa shamba.
Unapewa jembe, mbegu za figili, na mbwa asiye na jina.
Ukitaka maji, sharti uandike maji.
Ukitaka jua, uandike jua,
kwa kijiti cha plastiki juu ya kioo,
nacho kioo kinakukagua kama afisa wa uhamiaji:
mstari upi ulitangulia? Huu ulishuka au ulipanda?
Vibaya. Andika tena.
Figili zangu zilikauka mara nne
kwa mstari mmoja wa maji uliopindia kusikofaa.

Zilizonionea huruma ni zile herufi ndogo.
Kila herufi kubwa, nzito, yenye miguu na mapembe,
imebeba utosini vijiherufi vyepesi
vinavyokunong'oneza namna ya kuitamka,
kama mama aliyempakata mtoto mabegani
na mtoto ndiye anayeijua njia.
Nikacheka peke yangu jikoni. Kisha sikucheka.
Benki, kwa mwenye nyumba, shuleni kwake mwenyewe,
Kaique ndiye aliyekuwa mdomo wangu.
Ana miaka tisa, akanitafsiria uvimbe.
Alilitafuta neno, akalikosa,
akamwambia daktari: mama ana jiwe.

Siku ya arobaini ya shamba, nyuma ya kinu,
pango likafunguka.
Mlangoni herufi moja, peke yake,
haijabeba mtoto.
Muuza mbegu akanizuia: iandike kwanza, ndipo upite.
Mtu juu ya jabali. Ukingo wa jabali.
Chini yake mtu mwingine, amejikunja.
Mistari sita.
Niliandika hadi kijiti kikapata joto.
Sahihi, kikasema kioo. *Hatari.*

Usiku uleule, kiwandani, mashine ya tatu,
ile inayokandamiza vyuma vya taa za magari:
bango la njano, pana kama sinia,
ambalo pembeni mwake nimetundika koti langu miaka sita.
Mtu. Jabali. Aliyejikunja.
Nilidhani ni jina la kampuni.
Sote tulidhani. Lourival alilipigia saluti kila zamu:
"Shikamoo, bosi,"
hadi Machi ile mashine ilipokula kidole chake cha shahada,
na Bwana Hirose, mweupe kama karatasi,
akawa anaonyesha ukutani, anaonyesha, anainama,
nasi tunaitikia kwa vichwa
bila kujua anaonyesha nini.

Wiki nzima sikumwambia mtu.
Utamwambiaje mwenzio
kwamba alichokuwa akikiamkia
ndicho kilichokuwa kikimkemea?

Leo, mapumziko ya saa nane usiku,
nimemwekea kifaa kati ya bakuli mbili za supu.
Hakuuliza kitu. Aliitazama ile herufi,
akageuza shingo kuelekea mashine ya tatu,
akairudia.
Akakishika kijiti kwa gumba na kidole kirefu.
Kikateleza. Akakishika tena.
Mstari wa nne ukamkimbia.
"Kinasemaje?" akaniuliza kwa Kireno.
Kinasema andika tena.

Mtu. Ukingo wa jabali.
Supu imeganda utando.
Kengele ya zamu inalia, watu wanavaa glavu,
Bwana Hirose amesimama mlangoni, ametuona, hasemi.
Twende, Lourival.
"Subiri," ananiambia, hainui uso,
"nimebakiza miwili."