Jiliwa la Saba

Sanduku la kumi na nne lilikuwa chini ya feni mbovu,
stoo ya karakana, chuo cha ufundi, Tudor.
Mchwa walikuwa wamesoma kabla yangu.
Walianza na risiti za misumari,
wakaiacha picha.

Walimu sita vitini, soksi hadi magotini.
Nyuma, kwa wino wa buluu, majina yao
na shahada zao,
na jina la mbwa.
Kisha: "na boi."

Boi mwenyewe ana mvi.
Ameshika mkebe wa grisi
kama aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe.

Fomu yangu ina mstari: Jina la mhusika.
"Andika hajulikani," alisema mkuu wa maktaba,
"masanduku yako tisini."
Sikubisha. Sikuandika pia.

Jumamosi nikavuka daraja kwenda Kisauni,
nikapiga hodi nyumba tatu nyuma ya kanisa la Freretown.
Bi Damari Farjala aliisogeza picha hadi puani.
Uso hakuutazama. Alitazama mkono.
"Kidole cha shahada hakipo.
Huyu ni Uledi wetu, Uledi Nasibu.
Kidole kilikwenda na mashine ya kukereza vyuma,
na ujira wa siku ile wakaukata,
kwa kuchafua mashine."

Akanyamaza, akafukuza kuku.
"Babu yake alishushwa hapa na hati ya uhuru.
Jina la kwenye hati alipewa na karani.
Basi Uledi hakungoja makarani.
Kalale chini ya jiliwa lile karibu na dirisha."

Jumatatu nikalala chali sakafuni, nguo ya kazini,
tochi ya simu mdomoni.
Vijana wa mwaka wa pili walicheka, kisha wakainama.
Chini ya taya la chuma, herufi moja moja, patasi na nyundo,
N zote zimegeuka kushoto:

ULEDI NASIBU
NILIFUNDISHA HAPA

Miaka yote hiyo wanafunzi wamebania kazi zao juu ya jina lake,
wakapiga tupa, wakapata alama.

Faharasa inataka vipimo. Nimejaza:
Waraka: mmoja. Kurasa: moja.
Nyenzo: chuma.
Mwandishi: Mwalimu U. Nasibu.
Hali: una mafuta, unasomeka kwa kidole.
Hauwezi kuwekwa sandukuni.
Unatumika.