Ya Darasa la Tatu

"Ya mtoto wa darasa la ngapi?"
Mama Lechipya hakuinua macho kwenye daftari la madeni.
Nikasema la tatu.
Umri miaka hamsini na minne, masijala ya ardhi ishirini na tisa,
mihuri yangu imegawa viwanja nusu ya Nzuguni,
na ulimi ukateleza wenyewe: la tatu.

Akaniwekea kaunta boksi la rangi ishirini na nne,
vidonge vimepangwa kama dawa za presha.
Kijani peke yake aina tano.
Nani ana haja na kijani aina tano
Dodoma, mwezi wa Agosti,
mji mzima una rangi ya mkate ulioungua kidogo?
Nikachukua boksi dogo
na brashi tano kwa bei ya moja. Hapo nilikosea.

Usiku ule mke wangu alikuwa zamu hospitali.
Nikapaka mlima kwenye karatasi ya fotokopi.
Karatasi ikajikunja kama chapati iliyosahaulika,
mlima ukawa dimbwi,
brashi ikaacha manyoya angani.
Nikayaita kunguru.

Aliyeniokoa ni Chilewa, mwandika mabango wa Chang'ombe,
mtu wa maneno machache na bei kubwa.
"Karatasi kwanza. Nzito, yenye ngozi ngumu.
Rangi duni huvumilika juu ya karatasi nzuri;
karatasi duni haimvumilii hata malaika.
Brashi moja tu, ya mviringo. Ukiilowesha ifunge ncha
kama mdomo wa mtu anayetaka kupiga mbinja.
Nyeusi waachie watoto: bluu na kahawia zikigombana utaipata.
Nyeupe usinunue kabisa.
Nyeupe ni pale unapoacha."

Pale unapoacha. Nililala na neno hilo wiki nzima,
mimi niliyezoea kujaza kila mstari wa fomu.

Nikarudi dukani. Nikazilowesha brashi mate, moja baada ya moja,
Mama Lechipya akinitazama kama mwizi wa sukari.
Kumi na nne zilibaki midomo wazi.
Ya kumi na tano ikafunga.
Bei yake, kilo mbili na nusu za mchele.
"Mtoto anaendeleaje?"
"Anajitahidi."

Sasa maji.
Zamu yetu ya bomba ni Jumanne na Ijumaa,
siku nyingine ni dumu la kisima, lenye chumvi
inayochora mduara mweupe kwenye sufuria.
Naona aibu kusema ninavyoyatumia:
kikombe cha kuoshea brashi, kikombe cha kulainishia rangi,
kisha vyote viwili shinani mwa mzabibu nyuma ya jiko.
Mke wangu anasema mwaka huu tutavuna zabibu za bluu.

Asubuhi moja niliiacha anga ikauke, nikaenda kazini.
Niliporudi chumvi ilikuwa imeila bluu,
imeacha vidoadoa vyeupe, mamia,
nyota ambazo sikuzipaka wala kuzilipia.
Nikakaa nazo mpaka chai ikapoa.

Jana nimekwenda kutafuta karatasi nzito zaidi.
"Yule mtoto," akauliza, "bado yuko la tatu?"
"Amepanda. La nne."
Macho yake yakashuka kwenye kucha zangu,
bluu mpaka shinani.
Hakusema kitu. Akainama chini ya kaunta, akakawia huko,
akainuka na karatasi mbili zilizofungwa kwenye gazeti,
pembe zimeanza kuwa njano.

"Za marehemu mume wangu," akasema.
"Kila mwezi alizitoa hapa dukani, za mtoto wa dada yake.
Dada yake ni mtawa, yuko Mpwapwa."

Nikaingiza mkono mfukoni. Akautazama mkono mpaka ukatoka mtupu.

"Mwambie mwanao asizikunje."