Maji ya Majivu

Kikaango cha baba kina uzito wa mtoto wa miezi minne.
Chuma cha kusubu, mpini mfupi,
na juu yake gamba nene kama gome,
jeusi, lenye kung'aa pembeni.
Alitoka nacho kwenye behewa la chakula
mwaka ule treni ya Pakwach ilipokoma,
akakileta Tororo kwa baiskeli, ndani ya gunia,
kama mtu aliyeiba kuku.
Hakuiba. Waliambiwa: mshahara hakuna,
kila mtu achukue anachoweza kubeba.

Nilipokirithi nikasema, hiki nitakisafisha.
Nikasugua kwa mchanga, kwa gunzi, kwa waya,
kwa hasira.
Gamba likanitazama tu.

Magidu wa duka la rangi aliniuliza mara mbili:
"Kostiki? Ya sabuni, au ya nini?"
Akanikagua macho kama daktari,
maana mwaka jana aliuza bila kuuliza.
"Ya kikaango," nikasema.
"Hakuna mtu anayeosha kikaango kwa kostiki."
Pakiti ikarudi rafuni.
"Athieno, nenda kwa Asekenye."

Asekenye anapika sabuni nyuma ya ghala la saruji.
Huokota maganda ya matoke kwenye hoteli za stendi,
huyaanika, huyachoma,
majivu huyashindilia kwenye chungu kilichotobolewa kitako,
nyasi chini, maji juu,
kisha hungoja
tone,
          tone,
rangi ya chai ya mgonjwa.
"Usionje," akasema. "Una sura ya kuonja."
Akatumbukiza unyoya.
Tukaongea bei ya simsim, tukaongea goti la mumewe,
na alipouvuta ulikuwa uti mtupu, wenye ute.
"Sasa yanauma. Nenda nayo."

Hakuniambia habari ya alumini,
au aliniambia nami nilikuwa nahesabu chenji.
Nilikiloweka kikaango katika sufuria yangu kubwa, ya harusi.
Usiku kucha nikaisikia ikinong'ona jikoni
kama wageni wasiotaka kuamsha mwenye nyumba.
Alfajiri sakafu ilikuwa maji,
sufuria ilikuwa chujio,
na mimi nilikuwa pekupeku.
Ndoo tatu za maji ya bomba, mguu mmoja.
Kisigino kina alama ya waridi mpaka leo.

Mara ya pili: beseni la plastiki, glavu za mjukuu
anayefanya kazi zahanati, kifuniko, jiwe juu ya kifuniko,
na mbuzi wa jirani amefungwa mbali.
Siku ya sita gamba likalegea.
Likatoka kwa matabaka, nikayavua kwa kijiko cha mti:
hili la mafuta ya behewani, yaliyokaanga mayai ya wakubwa;
hili la Krismasi za kwetu;
na hapa katikati moja jembamba, jembamba sana,
la miaka tuliyokula mihogo bila kitu.

Chini yake chuma, kijivu kama mawe ya mto.
Namba ya reli. Nyota ndogo.
Na ufa.

Kutoka ukingoni hadi katikati, mwembamba kama unywele,
kazi ya siku nyingi, kingo zake zimekwisha kulainika.
Nikakaa chini.
"Msikioshe," alikuwa akisema, "pangusa tu,"
nasi tukamwita mchafu, tukamwita mchoyo wa maji,
tukamcheka kwa Kidhopadhola na kwa Kiswahili.
Alijua.
Alikuwa akiuziba, mlo kwa mlo,
kwa kitu pekee alichokuwa nacho kila siku:
mafuta yaliyobaki.

Nilikipaka, nikakichoma, nikakipaka tena,
nikapasua yai la kwanza.
Ute ukapenya, ukadondoka motoni, ukanuka.

Haya. Sasa nakaangia simsim.
Simsim haivuji.
Naikoroga taratibu, naisikia ikiruka na kupasuka,
na kila Jumamosi, nikimaliza,
sikioshi.
Napangusa tu.