Ushanga Mweusi

Harara ilimwanza Mundhir kwapani,
ikashuka mgongoni kama siafu walionusa sukari.
Mwezi wa saba, Seeb. Feni inazunguka,
inatugawia moto kwa zamu.
Usiku namsikia kupitia ukuta:
kwaru, kwaru, kwaru,
kijana wa miaka ishirini na tatu, mlinzi wa ghala,
anajimenya kama muhogo.

Daktari akampa marhamu, mrija mdogo, rangi ya waridi.
Hakuuliza anavaa nini.
Na mimi je? Kanzu zake nazifua mwenyewe,
nyeupe pe, hazijikunji, hazijui pasi,
zakauka sijamaliza kuzianika.
Nilizisifu, kwa mdomo wangu huuhuu.

Nikaenda kwa fundi Biju kuagiza mbili zaidi.
Siku hiyo kaungusha mkasi, akainama kuuokota,
nikamwona nyuma ya meza: saruni ya pamba
iliyofuliwa hata michirizi imesahau rangi zake.
Nikamwambia, Biju,
mbona wewe huvai unachoniuzia?

Akacheka. Kisha hakucheka.
Akachomoa uzi kwenye jora jeupe, akawasha kiberiti.
Uzi ukajikunja, ukasinyaa kama mdudu,
ukadondosha ushanga mweusi, mgumu,
wenye harufu ya ndoo iliyosahauliwa jikoni.
Akachomoa uzi wa saruni yake.
Ule ukawaka kama karatasi.
Tukapuliza. Hapakuwa na kitu.

Usiku nikakaa na chetezo, bila ubani.
Mtandio wa Idi: ushanga.
Foronya, zile zilizoandikwa "pamba tupu": ushanga.
Shela langu, sare ya Mundhir, soksi zake.
Kanga niliyoletewa kutoka Unguja,
nimeiweka miaka miwili naionea huruma kuivaa,
ikayeyuka pamoja na maneno yake, Nimeridhika na changu.
Kumi na moja katika kisosi cha kahawa.
Asubuhi Rayya aliingia, akadhani habasoda,
nusura atafune.

Kimoja tu kilikuwa jivu.
Bafta iliyo chini ya sanduku la mama mkwe,
vipande vitano, na karafuu maiti, na udi.
Nilivuta uzi mmoja, Mungu anisamehe,
nikakaa nayo mapajani muda mrefu.
Kumbe tunajua.
Kumbe siku zote tunajua kitambaa kizuri ni kipi,
ila tunamngoja mtu asiwe na jasho.

Marehemu baba yake Mundhir alifanya kazi Marmul, visimani.
Akirudi, nilimvua nguo mlangoni,
mafuta yasiniingilie ndani.
Nilifunga mlango ule vizuri sana.
Sikujua yana njia nyingine,
yatapita kiwandani, yavuke bahari mara mbili,
yarudi yamekunjwa kwenye mfuko wenye utepe,
na mimi niombe kupunguziwa bei.

Sare haibadilishwi, kampuni imesema.
Basi nikakata shuka za zamani, zile nzito
nilizoolewa nazo,
nikamshonea fulana nne za kuvaa ndani.
Kola zimekwenda upande, mimi si Biju.
Na kanzu moja ya Ijumaa, ya pamba,
inayojikunja hata ikitazamwa.
Ami yake akamuuliza msikitini, kwenu umeme umekatika?
Umeme upo, ami, akajibu,
akakaa, mgongo wake ukigusa ukuta,
kitu ambacho hakukifanya tangu Shaabani.

Haikupona siku moja, nisiseme uongo.
Usiku wa kwanza, kwaru.
Wa nne, kwaru, na tusi.
Jana nililala macho wazi nikisubiri.
Feni.
Friji ikaanza, ikaacha.
Kitanda kikalia mara moja, mtu akijigeuza,
halafu feni tena.